Sitini na Wawili

9 Januari

Mdogo wangu Konokono,

Naanza na salamu kabla sijasahau, maana siku hizi nikitanguliza shida, salamu hukosa nafasi kwenye karatasi. U mzima? Wifi yangu naye? Mgongo wake umepoa? Mimi nipo. Goti la kulia limekataa ngazi kabisa, la kushoto linakubali kwa manung'uniko. Mpwa wako alikuja mwisho wa mwaka, akakaa siku tatu, na siku zote tatu wimbo ulikuwa mmoja: mama, hamia kwangu. Nikamuuliza, masanduku yangu yatakaa wapi? Akasema wao wanaishi ghorofa ya nne na chumba cha ziada hawana. Basi, nikamwambia, tumemaliza. Akanuna, akanioshea madirisha yote kwa hasira, akaondoka. Yanang'aa mpaka leo.

Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yagombane na simu nazungumza na wifi tu, naye hunijibu "nitamwambia". Kwa hiyo kalamu.

Sasa sikiliza. Konokono wenyewe, wale wa masanduku, wamebaki tisa. Nimehesabu mara mbili, nikachekecha udongo wote kwa chekecheke la unga. Mwaka jana wakati kama huu walikuwa kumi na tisa. Wametaga mara tatu na mara zote tatu mayai yamekuwa viza. Nayaacha kwenye udongo mwezi mzima, nikifukua nayakuta yamenywea, ya manjano. Nafanya kila ulichonifundisha: maji ya mvua tu, maganda ya mayai yaliyosagwa, majani yaliyoanza kuoza, kivuli mchana kutwa. Hawa wanaojikunja kushoto hawako tena popote. Kilima chao ni machimbo ya kokoto, wewe mwenyewe uliniambia. Waliobaki duniani ni hawa walio kwenye chumba changu cha nyuma, kwenye masanduku sita ya vioo uliyoniachia miaka ishirini na minane iliyopita ukisema, "Dada, miezi mitatu tu."

Hii ni barua ya tatu nakuuliza jambo hilohilo. Wewe ndiye bingwa wa dunia wa wadudu hawa. (Najua si wadudu. Usinisahihishe.) Wewe ndiye uliyewapa jina langu, tena ukalitia mkia wa Kilatini. Nifanye nini? Kama dawa huijui, mtume mtu mwenye maabara aje awachukue. Sitalia. Afadhali waishi kwa mgeni kuliko wafie kwangu.

Nijibu hilo tu, hata kama salamu utaziruka.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Wifi yako anakusalimu, mgongo unampa nafuu asubuhi na kumdai jioni. Nisamehe kuchelewa, mezani kwangu barua zimekuwa nyingi kuliko siku.

Kuna habari nilitaka uipate kwangu kabla hujaisikia redioni. Nimepewa Nishani Kuu ya wanasayansi. Kwa kazi yangu ya viumbe hakuna kubwa kupita hiyo. Barua yao inasema kwamba mimi ndiye niliyeonyesha jinsi ukoo mmoja unavyoweza kugawanyika na kuwa koo mbili zisizojuana, kwa sababu tu ya upande ambao gamba linajikunjia: wa kushoto hawezi kumkaribia wa kulia wakazaa, basi kila upande unashika njia yake. Kazi ya miaka arobaini, dada, wameiandika kwa mistari sita. Nitavishwa tarehe kumi na tisa Juni. Ukumbi mpya wa mihadhara umepewa jina langu, na wino wa shahada ya heshima ya nane haujakauka. Isitoshe, posta ya huku imetoa stempu kwa heshima yangu, yenye picha ya konokono wetu wa kushoto. Nimeibandika kwenye bahasha hii, na ndani nimekuwekea karatasi nzima ya ishirini. Mama angecheka. Yule aliyeitwa Konokono kwa kuwa wa mwisho kumaliza sahani, leo analambwa nyuma na watu wa nchi nzima.

Mpwa wangu ana haki. Umri wako si wa kuishi peke yako na ngazi. Mfikirie.

Kuhusu wale, fanya unavyoona, dada. Nakuamini kuliko mtu yeyote.

Mdogo wako


14 Machi

Konokono wangu mwenye nishani,

Hongera! Hongera tena! Nilipofika kwenye neno "Nishani Kuu" nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka mwalimu wa jirani, yule mstaafu, akaja kuuliza kama nimeanguka. Nikamwonyesha barua. Akasema, "Kumbe huyu mdogo wako ni mtu!" Nikamwambia, alikuwa mtu tangu zamani, ila alichelewa kutembea.

Stempu nimeziona. Rangi nzuri. Lakini mdogo wangu, wamemchora anajikunja kulia! Nilichukua lenzi, nikamtoa mmoja kwenye sanduku, nikawaweka pamoja. Kulia kabisa. Wewe hukuona? Stempu ishirini na zote zimegeuka. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba ni miaka kumi na tisa hujamshika aliye hai, nikaacha kucheka.

Wamebaki sita.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta jibu la swali langu, nikapata "fanya unavyoona". Ninachoona ndicho hicho ninachokuandikia. Wanakufa. Nilikuomba dawa au mtu, hujanipa hata kimoja. Bingwa gani anayemwachia dada yake wa darasa la saba afanye anavyoona? Nisamehe. Nishani ni nishani, na furaha yangu ni ya kweli. Lakini sita ni sita.

Wifi kanitumia furushi lake, shali na kile kitabu chako kikubwa. Miaka tisa nakisikia tu! Nilidhani umenisahau kwenye orodha. Lugha ya huko siiwezi, lakini mwalimu anaiweza, na amekubali kunisomea kila alasiri kwa malipo ya chai. Huenda dawa imo humohumo na wewe umesahau kwamba uliiandika.

Dada yako


23 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nakujibu leo.

Usimsumbue mwalimu wa watu. Kitabu kile ni kikavu, kimejaa majedwali, niliwaandikia wenzangu wa kazi na wala si cha kusomwa nyumbani. Dawa haimo. Tazama picha tu, picha ni nzuri. Wifi yako hakuniuliza kabla ya kukituma. Nakuomba ukiweke kabatini, nikija siku moja nitakusomea mwenyewe.

Sisi wazima.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Goti ni lilelile. Wamebaki wanne.

Barua yako ya mwezi uliopita ilinishangaza. Wewe unayejibu baada ya wiki saba, safari hii siku moja tu, na ombi lenyewe ni kwamba nisisome. Nikamwambia mwalimu, tuendelee. Amekuja siku kumi na moja. Anasoma kwanza kimoyomoyo akitikisa kichwa, halafu ananieleza. Tulicheka sana. Mahali ulipoeleza mimi na wewe tulivyokuwa tukipanda kilima baada ya mvua na makopo ya biskuti, nilihisi tope kati ya vidole. Umesema wazi kwamba wa kwanza wa kushoto nilimwona mimi. Asante kwa hilo.

Sura ya mwisho alianza, akaweka kitabu chini. Nikasema, soma. Akasema, "Mama, hapa panasema wamekufa wote." Nikasema, soma hivyohivyo.

Basi nimesikia. Wa mwisho alikufa mwaka wa joto kali, mikononi mwa dada yako, ndani ya chumba cha nyuma. Ukurasa mzima nalia humo. Nimelia vizuri kweli, mwalimu mwenyewe alifuta miwani. Na kule nyuma kuna orodha ya viumbe waliotoweka, na jina langu limo, na mkia wake wa Kilatini, na mwaka. Asubuhi ya siku ile, kabla mwalimu hajaja, nilikuwa nimewakatia kabeji.

Sasa tuhesabu, wewe na mimi. Mwaka ule wa joto, tarehe tatu Novemba, nilikuandikia "wamekwisha". Ni kweli niliandika. Magamba ya juu yote yalikuwa matupu na nililia, hujanisingizia. Udongo sikuumwaga kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuumwaga. Tarehe kumi na tisa Desemba mvua ikanyesha, nikayatoa masanduku nje, asubuhi nikakuta wamepanda kwenye vioo, sitini na wawili! Walikuwa wamejizika chini wakajiziba midomo kungoja maji. Nikakuandikia siku ileile, kwa rejista, risiti ya posta bado ninayo ndani ya Biblia. Na wewe ukajibu. Nakumbuka ulivyojibu: "Nimefurahi kusikia mvua zimenyesha." Nikadhani ni haraka zako.

Mvua tu, mdogo wangu? Katika barua ile yote uliona mvua tu?

Miaka tisa nakuandikia wamezaa, wamepungua, nisaidie. Nilikuwa najiuliza kwa nini mtu wa maabara haji. Nani aje kuchukua konokono ambao bingwa amekwisha kuwazika? Hata kama ningeandika kwa mtu mwingine angeniona kichaa. Mwalimu anasema kitabu hichohicho, sura ya tano, kinasema kundi likiwa zaidi ya hamsini bado linaokoleka, likishuka hapo linaanza kutaga viza. Sitini na wawili ni zaidi ya hamsini. Hesabu hiyo hata mimi naijua.

Mficha maradhi kifo humuumbua, alikuwa akisema mama. Lakini maradhi haya uliyaficha wewe na wanaokufa ni wao.

Nimekasirika, utaona kwenye mwandiko.

Dada yako


2 Juni

Mdogo wangu,

Mwezi umepita huna jibu. Kimya chako nakifahamu, hata utotoni ukivunja kitu ulikuwa unakwenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Wamebaki wawili. Nimewatia sanduku moja. Wamejibanza pembe mbili kama wanandoa waliogombana. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, hilo ulinifundisha wewe, lakini lazima wawe wawili ndipo wazae. Basi wawili wapo. Nawamwagilia mara tatu kwa siku na nawaambia, jamani, semezaneni.

Kitabu sikuulizi tena. Nishani na sherehe ni zenu wenyewe. Mimi nakuuliza konokono. Mtume mtu. Unaweza kumwambia uongo wowote, sema ni aina nyingine, sema dada yako amerukwa na akili. Mtume tu.

Msalimie wifi. Mwambie kitabu nimekielewa.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Shikamoo, kama bado utaniitikia.

Nishani nimevishwa Alhamisi. Ni nzito kuliko nilivyodhani na inavuta kola. Mwenyekiti hakusoma mistari sita. Alisoma ule ukurasa wako, ule unaolia, ukumbi mzima ukasimama. Wifi yako alikuwa safu ya mbele na hakusimama. Walinipa kipaza sauti. Njia nzima ndani ya gari nilikuwa nimepanga maneno. Nikasema asante, nikakaa.

Barua yako ya rejista niliipata. Ilifika zikiwa zimebaki siku kumi na nane kitabu kianze kuchapwa. Niliinua simu kumpigia mchapishaji, nikairudisha. Nitakwambia kwa nini, na wewe unitukane. Sura ile ilikuwa nzuri. Sina sababu nyingine. Kitabu kilikuwa na mwisho, na wewe ukanitumia sitini na wawili wakipanda vioo, na mimi nikaona wameniharibia. Nikajisemea, toleo la pili nitasahihisha. Toleo la pili likatoka likiwa na tuzo juu ya jalada. Baada ya hapo, kila heshima niliyopewa ilikuwa imejengwa juu ya ile iliyotangulia, na chini kabisa walikuwa wamelala wafu wako walio hai.

Wakati ule maabara tatu zingewapokea. Ningepiga simu moja tu. Hesabu ya hamsini ni yangu mwenyewe, niliijua.

Kuna jambo baya zaidi, na nisipoliandika leo sitaliandika tena. Miaka tisa, kila bahasha yako ilipofika, kabla ya salamu zako, kabla ya goti na mpwa, nilikuwa napitisha jicho chini kutafuta neno moja. Nilikuwa nangoja wafe, dada, ili nisiwe mwongo. Wewe unasaga maganda ya mayai na mimi nangoja.

Nimemwambia mtu mmoja tu, fundi mkuu wa maabara yetu, mama mtu mzima, ana mkono mzuri na viumbe. Anasafiri kwako wiki ya pili ya Julai na sanduku la baridi. Sikudanganyi tena: wawili hawajengi ukoo. Lakini namtuma. Masahihisho nitayaandika, nakuahidi, nikipata maneno.

Mdogo wako


16 Julai

Mdogo wangu Konokono,

Marahaba. Nimeitikia, usiseme sikuitikia. Natumaini mgongo wa wifi umepoa. Mwambie shali lake ndilo linanifaa baridi hizi.

Barua yako ilifika tarehe tatu. Nilipoifungua alikuwa amebaki mmoja, mwenzake alikufa tarehe kumi na nne Juni, kabla hata hujavishwa. Niliisoma hadi mwisho, nikaenda kummwagilia. Sikukutukana. Nilitaka, nikafungua mdomo, nikakuta sina tusi la ukubwa huo. Nilikaa tu kwenye kile kigoda cha chumba cha nyuma nikamtazama anavyokula karoti, taratibu, kama wewe ulivyokuwa mezani.

Tarehe tano aliingia ndani ya gamba, hakutoka. Nilimlaza juu ya kitambaa chenye maji ya mvua. Unakumbuka ulivyonifundisha? Konokono hafi mpaka anuke. Mwaka ule wa joto mimi sikungoja, niliona magamba matupu nikakimbilia kalamu, na kosa langu hilo ndilo ulilolifanya kitabu. Basi safari hii nilingoja. Siku ya kwanza nilimnusa, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna. Nikaanza kuwa na tumaini, mjinga mimi, nikamsagia ganda jipya. Tarehe nane asubuhi nilifungua mlango wa chumba nikajua kabla sijamfikia.

Fundi wako alikuja tarehe kumi na moja. Mama mzuri, mpole, amebeba sanduku la baridi kwa mikono miwili kama amebeba mtoto. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji wake alikuwa ndani ya kiberiti, juu ya pamba. Nikampa chai. Alilala siku moja, akanisaidia kuosha masanduku yote sita, tukayaegemeza ukutani yakauke. Gamba nimempa akuletee. Nimeweka na kibandiko, kwa penseli, si kwa wino, kama ulivyotaka siku zote: mahali, siku, jina la aliyemwokota. Siku ni ya mwaka huu. Huyo kwenye kiberiti anajikunja kushoto, ukitaka kuwaonyesha watu wa stempu.

Masahihisho uliyoniahidi, fanya unavyoona.

Mpwa wako anakuja Jumamosi kunichukua. Nimemwambia sawa, ghorofa ya nne ni sawa, chumba cha ziada sihitaji tena. Leo asubuhi nilikata kabeji kabla sijakumbuka. Nimeila mwenyewe.

Sasa pitisha jicho chini, kama ulivyozoea. Wamekwisha, mdogo wangu. Safari hii unaweza kuandika.

Dada yako